Mikunjo ya uso wa mbwa wako: namna ya kuitunza kila siku kwenye joto la Mtwara na Lindi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nimuogeshe mara ngapi?" "Mafuta ya nazi yanafaa?" "Mbona jana nimemsafisha vizuri na leo uso unanuka tena?" Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu anayeliuliza huwa anampenda mbwa wake na anajituma kweli, ila nguvu zake zote zimeishia kwenye maji na sabuni. Kinachoharibu mkunjo wa ngozi hasa ni unyevu uliofungiwa ndani. Kwa hiyo nitarudia jambo moja mpaka ulichoke: kausha.

Mwongozo huu ni wa wenye Shar-Pei, yule wa asili ya kusini mwa China. Pagi, yule mfupi mwenye uso bapa na mkia uliojikunja. Buldogi wa Kiingereza na wa Kifaransa. Pamoja na chotara wao wote waliorithi makunyanzi. Mwenye boerboel au mbwa mwingine mkubwa wa ulinzi mwenye midomo inayoning'inia, hatua za midomo na kidevu zinakuhusu pia.

Nadharia ni fupi. Mkunjo ni kama kwapa lisilopata hewa: ngozi mbili zinagusana, zinapata joto, na katikati yake hujikusanya machozi, udenda, maji ya kunywa na vumbi. Bakteria na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mbwa bila kumdhuru wanapata mahali pa kuzaliana. Ngozi inalainika, inachubuka, inauma. Pwani yetu hewa yenyewe ni nzito kwa unyevu, hivyo mkunjo ambao Iringa ungekauka wenyewe, hapa Mtwara mjini utabaki na majimaji hadi usiku.

Andaa hivi kwanza

- Vitambaa vyeupe vya pamba, laini, angalau sita. Fulana kuukuu iliyokatwakatwa inafaa sana, na kipande cha khanga iliyochakaa ni laini kuliko taulo jipya. Nasisitiza vyeupe kwa sababu vitakuonyesha kilichotoka ndani ya mkunjo. Khanga yenye rangi iweke kwa ajili ya kukaushia.
- Gozi, yaani kitambaa chembamba cha kufungia vidonda, au pamba ya duka la dawa kwa ajili ya macho.
- Maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kwa macho, tumia maji ya chumvi ya hospitali, au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, yaani takriban gramu 9. Ile chumvi ya mabonge inayotoka kwenye mashamba yetu ya chumvi usiipime kwa kijiko kabla ya kuisaga, na ukishaikoroga uchuje mchanga. Yanayobaki jioni yamwage, kesho utengeneze mengine.
- Beseni dogo la mbwa peke yake, na mfuko au ndoo yenye mfuniko ya kuwekea vifaa vyake.
- Glavu, kama una kidonda mkononi au mbwa ana upele.
- Vipande vidogo vya chakula anachokipenda.

Kuhusu beseni na vitambaa, niseme jambo moja la majumbani kwetu. Nyumba nyingi za pwani hii ni za Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi kwao. Vifaa vya mbwa visipite jikoni, visianikwe pamoja na nguo za watu, na dada wa kazi au kijana wa shamba asilazimishwe kuvishika. Mbwa ni wako, kazi hii ifanye wewe. Majirani wakiona unavyotenganisha vitu, maneno hupungua na mbwa anaishi kwa amani.

Kama mbwa hajachanjwa kichaa cha mbwa, au chanjo yake imepitwa na wakati, anza na hiyo. Kazi hii inakuweka vidole karibu na meno na mate kila siku. Ongea na afisa mifugo wa kata yako.

Hatua za kila siku

Ukishazoea, zote zinachukua dakika tano hadi kumi. Fanya asubuhi jua likiwa bado halijakali, baada ya mbwa kula na kunywa. Jioni rudia ukaguzi tu, na kukausha ikihitajika.

1. Mwache atulie. Mbwa wa uso bapa akitoka kukimbia hupumua kwa shida, usimshike uso wakati huo. Subiri mpaka pumzi irudi. Kucha zako ziwe fupi, mikono imenawiwa.

2. Kaa naye vizuri. Kaa chini kibarazani, penye kivuli na mwanga wa kutosha, mbwa akiwa katikati ya miguu yako, mgongo wake ukielekea kifuani kwako. Mikono yako itamfikia kwa nyuma na pembeni. Ukimsimamia mbele na kumwinamia usoni atajihami, hata kama ni mpole. Usimdhibiti kwa kumshika ngozi ya shingo na kuivuta nyuma. Kwa pagi hili ni hatari kweli: macho yake yamekaa kwenye matundu mafupi, na ngozi ikivutwa kwa nguvu jicho linaweza kutoka nje.

3. Angalia na unuse kabla ya kulowesha chochote. Fungua mkunjo mmoja mmoja: ule wa juu ya pua, wa chini ya macho, mashavuni, pembeni mwa midomo, kidevuni, kwenye paji la uso. Ngozi nzima ina rangi yake ya kawaida, haina joto la ajabu wala majimaji. Pagi na Shar-Pei wenye uso mweusi hawaonyeshi wekundu upesi, kwa hiyo tumia kidole na pua: ngozi iliyoanza kuumwa huwa ya moto, inanata, na inatoa harufu ya uchachu. Pitisha kitambaa cheupe kikavu mara moja. Kikitoka na uchafu wa vumbi tu, hali ni njema. Kikitoka na utando wa kahawia unaonata, huo mkunjo unahitaji uangalizi zaidi leo.

   Mkunjo ukiukuta mkavu na safi, uache. Hili huwashangaza wengi, lakini kufuta kila siku mahali pasipohitaji kunachubua ngozi. Shar-Pei hasa, mara nyingi mikunjo ya paji la uso wake ni mikavu; kuikagua kila siku inatosha. Buldogi na pagi, ule mkunjo wa juu ya pua karibu kila siku utakuwa na kazi.

4. Anza na macho. Lowesha gozi kwa maji ya chumvi uliyoandaa, liweke juu ya matongo yaliyokauka kwa sekunde chache yalainike, kisha futa kutoka pembe ya ndani kuelekea nje. Kipande kimoja kwa jicho moja. Usibandue tongo kavu kwa ukucha.

5. Futa mikunjo, kutoka juu kwenda chini. Kitambaa kiloweshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kikamuliwe mpaka kisidondoshe tone. Kwa vidole viwili vya mkono mmoja fungua mkunjo polepole, kiasi cha kuona chini yake, bila kuukaza. Kwa mkono wa pili pitisha kitambaa mara moja kuanzia ndani kuja nje, ukifuata ulalo wa manyoya. Geuza upande wa kitambaa, pitisha tena. Mara mbili au tatu zinatosha. Uchafu uliogoma leo utatoka kesho, usiusugue.

6. Maliza na midomo na kidevu. Huku ndiko kwenye udenda na mabaki ya ugali na dagaa. Tumia kitambaa kingine. Kitambaa kilichopita mdomoni kisirudi karibu na macho hata siku moja.

7. Kausha. Chukua kitambaa kikavu, kiingize ndani ya mkunjo kwa kidole, bonyeza, tulia kidogo, toa. Usisugue. Halafu uache mkunjo ukiwa wazi kwa vidole vyako, hesabu polepole hadi kumi, hewa ipite. Kisha chukua kitambaa cha pili kikavu, bonyeza tena. Wengi huishia kwenye kitambaa cha kwanza. Ngozi kwa nje inaonekana kavu wakati ndani kabisa, kwenye kona ambapo ngozi mbili zinakutana, bado pana ubaridi wa maji. Gusa kona hiyo kwa ncha ya kidole. Ukihisi ubaridi, rudia. Kama una feni, mweke mbwa mbele yake kwa umbali wa kumfanya astarehe. Mashine ya kukaushia nywele yenye hewa ya moto usiitumie usoni.

   Siku ambayo huna muda wa hatua zote, ruka ya tano, usiruke hii.

8. Usipake kitu. Mkunjo wenye afya hauhitaji mafuta, poda wala manukato. Kama daktari amekuandikia klorheksidini ya mbwa, yaani dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, itumie kwa siku na kiasi alichosema, na isikaribie jicho kabisa kwa sababu inaweza kuumiza mboni.

9. Tupia jicho masikioni. Shar-Pei ana masikio madogo yenye njia nyembamba, na maambukizi ya masikio humsumbua. Nusa, angalia nta nyeusi au wekundu. Usiingize vijiti vya pamba ndani.

10. Mpe zawadi yake, kisha fua. Vitambaa vichemshwe, vianikwe juani vikauke kabisa. Kitambaa kilichobaki na unyevu ndani ya mfuko kitarudisha fangasi kesho asubuhi.

Mtoto wa mbwa mwanzishe mapema: siku za mwanzo gusa mkunjo mmoja, mpe kitu kitamu, mwachie. Watoto wa Shar-Pei huwa na makunyanzi mengi kuliko watakavyokuwa nayo ukubwani, kwa hiyo kazi hupungua kadiri mwili unavyojaa ngozi yake.

Kuoga mwili mzima ni jambo jingine. Mara moja kila wiki tatu au nne inamtosha mbwa mwenye ngozi nzima, kwa shampuu ya mbwa, na usoni pasipite povu. Sabuni ya mche na ya unga ni kali mno kwa ngozi yake.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Mafuta ya nazi ndiyo ya kwanza, kwa sababu tunayo na tunayaamini. Kwenye nywele na ngozi ya mtu yana kazi yake. Ndani ya mkunjo wa mbwa yanafungia unyevu, yanashika vumbi, na mafuta ni chakula cha fangasi wa ngozi. Mafuta ya mgando nayo vilevile, isipokuwa daktari ameelekeza.

Poda ya mtoto inaonekana kama inakausha. Ikikutana na majimaji inakuwa tope linalosugua ngozi, na mbwa huivuta puani. Krimu za vipele vya watoto zenye zinki nazo ni sumu akizilamba, na atazilamba.

Ndimu, spiriti, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa zinaunguza ngozi iliyochubuka. Dawa ya zambarau inapaka rangi kila kitu na kuficha wekundu ambao daktari angetakiwa kuuona. Krimu za mchanganyiko za duka la dawa, zenye steroidi ndani, hutuliza muwasho kwa siku chache na baadaye huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Na nawaomba sana kuhusu oili chafu ya gari na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua watu huzipaka mbwa wenye ukurutu, na wengine watakushauri kwa nia njema. Oili ni sumu, mbwa ataimeza akijilamba. Dawa ya josho iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe, ikipakwa usoni mwa pagi wa kilo nane, inaweza kumuua.

Mambo ya huku kwetu

Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi hiyo ongeza ukaguzi wa jioni uwe wa lazima, na kausha uso kila mbwa anapoingia kutoka mvuani. Kusi likianza na hewa kukauka kidogo, unaweza kupunguza kulowesha na kubaki na kufuta kwa kitambaa kikavu. Upande wa Newala, Tandahimba na Masasi shida ya kiangazi ni vumbi: huingia kwenye mikunjo, linachanganyika na machozi, linaganda. Huko kitambaa chenye unyevu kinahitajika hata wakati wa ukavu, halafu ukausho uleule.

Kuanzia Juni hadi Agosti hivi, mikorosho inapopulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, mfungie mbwa ndani asubuhi ambayo shamba lako au la jirani linapulizwa. Ile unga ya njano inawasha macho na ngozi, na uso wenye mikunjo huihifadhi. Akirudi nayo usoni, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, suuza kwa maji mengi safi, kausha. Msimu wa mavuno asichokore rundo la maganda ya korosho. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mdomo wa mbwa. Yakimgusa, osha kwa shampuu yake na maji mengi, na umpeleke akaonwe.

Ukimpeleka ufukweni, iwe Mikindani, Msanga Mkuu au Lindi mjini, beba chupa ya maji baridi yasiyo ya bahari. Suuza uso palepale kabla chumvi na mchanga havijakaukia ndani, kausha kwa kitambaa ulichokuja nacho. Usiende naye saa za mchana. Mbwa wa uso bapa hawezi kujipooza vizuri kwa kuhema, na joto humwangusha ghafla.

Mambo yakienda vibaya

*Harufu inarudi siku hiyohiyo.* Karibu kila mara ni ukaushaji haujafika kwenye kona. Kausha mara tatu kwa siku kwa siku tatu, bila kulowesha zaidi ya mara moja. Pia badilisha bakuli: la chuma, lioshwe kila siku, maana la plastiki lenye mikwaruzo hushika uchafu na kuupeleka kidevuni. Harufu ikigoma, huenda ni fangasi au bakteria wanaohitaji dawa. Huenda pia inatoka kwenye meno au masikio, kwa hiyo nusa na huko.

*Ngozi imekuwa nyekundu lakini haijachubuka.* Acha kila ulichokuwa unapaka. Futa kwa maji ya chumvi uliyoandaa kwa ajili ya macho, mara moja kwa siku, kausha asubuhi na jioni. Siku tatu bila nafuu, nenda kwa daktari.

*Anakimbia akiona kitambaa.* Ama umewahi kumuumiza, ama sasa hivi anaumwa. Kagua kwanza kama kuna kidonda. Kama hakuna, rudi mwanzo: siku chache umguse shavu tu kwa mkono mtupu na umpe kitu kitamu, kitambaa kije baadaye. Usimlazimishe kwa kushikwa na watu wawili.

*Machozi hayaishi, anafumba jicho.* Kwa Shar-Pei, na kwa buldogi pia, kope zinaweza kugeukia ndani na nywele zake kukwaruza mboni. Hakuna kufuta kutakakoponya hilo. Watoto wa Shar-Pei hushonwa kope kwa muda na daktari, wakubwa hufanyiwa upasuaji. Jicho linalofumbwa kwa maumivu lionwe siku hiyohiyo.

*Nyoya zimetoka kwa duara, au ngozi ina magamba na muwasho mkali.* Yanaweza kuwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, au utitiri wa ukurutu, na baadhi yake huambukiza watu. Vaa glavu, watoto wasimkumbatie mpaka ajulikane ana nini.

*Kuna nzi wengi usoni.* Tafuta kidonda kilichojificha. Nzi hutaga kwenye ngozi yenye majimaji na funza huingia haraka kwenye joto hili.

Nenda kwa daktari wa mifugo bila kungoja ukiona usaha, damu, uvimbe wa uso, funza, jicho lenye ukungu, au mbwa ameacha kula. Usimpe dawa za maumivu za binadamu njiani. Mueleze daktari tatizo lilianza lini, limeanzia mkunjo upi, unamlisha nini na umempaka nini, hata kama unaona aibu kukitaja. Ukiweza, piga picha ya uso kila wiki kwa simu umwonyeshe mabadiliko. Ngozi ikihitaji kuchunguzwa zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wana kituo Mtwara, muulize daktari kama sampuli ipelekwe huko. Na asubuhi ya kwenda kwake usimfute wala kumpaka chochote: daktari anahitaji kuuona mkunjo ulivyo, na kuchukua sampuli kwenye ngozi ambayo haijaoshwa.